Rangi ya Gari la Mzee Kioo

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu lililobanwa kati ya duka la kinyozi na karakana ya seremala, pale barabara ya vumbi inapokutana na ya lami. Benchi hilo alilichonga seremala mwenyewe, na mguu wake mmoja ni mfupi kwa nusu inchi, ndiyo maana wanaokalia mwisho huo hushika kahawa yao kwa mikono miwili, na seremala anaitwa Nusu Inchi mpaka leo. Jirani yake kinyozi anaitwa Kipara, na hapo hapahitaji maelezo. Mama Pindo, fundi cherehani, ana mashine yake ng'ambo ya barabara, lakini kazi za mkono huzileta benchini, sindano kwenye kitambaa na sikio kwenye mazungumzo. Wa nne ni Mwendopole, dereva wa teksi ambaye hata abiria aliyebeba trei za mayai humwomba akanyage mafuta kidogo. Hakuna jambo lisilojadiliwa hapo, na hakuna lililowahi kufikia mwisho.

Asubuhi hiyo Mwendopole alifika bila abiria. Akaliegesha gari kwenye kivuli cha ukuta wa karakana, akashusha ndoo mbili, sponji mpya, chupa ya shampuu ya magari, kopo la polishi na kopo dogo la nta. Muuza kahawa alimnyooshea kikombe, akakikataa. Hilo peke yake liliwashtua wote watatu.

– Kuna nini leo? Mama Pindo akauliza.

– Baba wamemfungua jicho. Anaona.

Wakamshukuru Mungu kila mmoja kwa namna yake. Kipara alifurahi mpaka akatangaza kwamba kahawa ya leo ni juu yake, jambo ambalo hakuna aliyekumbuka kuwahi kulisikia. Mwendopole hakucheka. Alikuwa amekunja mikono ya shati mpaka kwenye viwiko, na anaangalia boneti kama mtu anayeangalia shamba la kulima peke yake.

Na ilikuwa haki yake kuangalia hivyo. Gari hilo, la rangi ile inayoitwa damu ya mzee, lilikuwa la baba yake kabla halijawa la kwake. Enzi hizo lilisuguliwa mpaka watu wakawa wanajitazama kwenye milango yake wakifunga tai, na mwenyewe akapata jina la Mzee Kioo. Kisha mtoto wa jicho akamwanza mzee, polepole, macho yote mawili, mpaka ikafika mahali anachotofautisha ni mchana na usiku tu. Siku aliyompa mwanawe ufunguo alimwambia: hili gari liangalie kwa niaba yangu. Halafu akaogopa kisu cha daktari miaka mingi, akawa anaongozwa kwa mkono.

Kila asubuhi, kabla ya kazi, mzee aliketi kidogo kiti cha mbele, akauliza, "Linang'aa?" Na kila asubuhi Mwendopole alimjibu, "Linang'aa, baba." Mwanzoni ilikuwa kweli. Baadaye ikawa kweli ya kuokoteza. Mwisho ikawa uongo mtupu, maana paa, boneti na buti vilikuwa vimepauka vikafanana na vitu vilivyonyunyiziwa unga. Mzee alipapasa milango tu, na milango haipigwi sana na jua, ikabaki laini, naye akaridhika. Mwendopole alijua kwamba kosa ni lake. Miaka yote hiyo alikuwa akiliosha kwenye jua la utosi, kwa sabuni ya unga ya kufulia, kwa shati bovu lililodondoka chini likaokotwa pamoja na mchanga. Povu lilikuwa likikaukia juu ya bati huku yeye anakunywa kahawa.

Sasa shangazi alikuwa amepiga simu kutoka hospitali. Bandeji imetoka, jicho la kulia linaona vizuri, la kushoto litafuata. Mzee amekataa kupelekwa nyumbani. Anataka aletwe kijiweni moja kwa moja.

– Anakuja kuliona gari, Mwendopole akasema. Na mimi sitaki alikute hivi. Basi.

– Saa ngapi? Kipara akauliza.

– Wakimaliza kupewa dawa.

Alichota maji, akaanza na paa. Muuza spea aliyemuuzia vile vikopo alimwelekeza vizuri: kivulini, bati likiwa limepoa, ndoo moja ya povu, nyingine ya kusuuzia sponji ili mchanga usirudi kwenye rangi, na siku zote kutoka juu kwenda chini, kwa sababu uchafu mbaya uko chini. Mwendopole alifuata kila neno. Lakini kijiwe hakijawahi kumwacha mtu afanye kazi kwa amani, na muda si mrefu ushauri ukaanza kumiminika kuliko maji.

Nusu Inchi alisema kazi inaendeshwa kinyume. Kitu chochote kinachotaka kung'aa, iwe meza, iwe mlango, iwe jeneza, kinaanza na msasa. Unakitoa ule uso uliokufa, halafu unapaka vanishi, habari imekwisha. Mwendopole akamwambia gari si kabati. Nusu Inchi akajibu kwamba kabati halijawahi kumlalamikia.

Kipara alivumilia, kisha akaweka kikombe chini.

– Sikilizeni. Rangi ya gari ni sawasawa na nywele. Inaota kutoka ndani. Ikipigwa jua inakatika ncha, inakuwa kama hivi mnavyoiona. Dawa yake ni mafuta. Unalikanda gari mafuta taratibu, kwa ncha za vidole, halafu unalifunika kitambaa cha moto. Mizizi inaamka.

– Inaamka? Mama Pindo akauliza.

– Inaamka.

– Na ya kwako wewe imelala tangu lini?

– Mimi sikusikia la mkubwa wangu nilipokuwa kijana. Ndiyo maana nawashauri wengine.

Mama Pindo alikata uzi kwa meno. Yeye alikuwa na lake, na alilisema bila kuinua macho, kama mtu anayetaja jambo linalojulikana na kila mtu mwenye akili timamu. Nguo ikipauka, alisema, haitupwi. Inafumuliwa, inageuzwa, upande wa ndani unakuwa nje. Je, chini ya boneti jua linafika? Halifiki. Kwa hiyo rangi ya chini ni mpya kabisa. Kinachotakiwa ni kulifungua boneti, kulipindua na kulifunga tena.

Hapo ungetegemea mtu acheke, lakini Nusu Inchi alikuwa ameshatoa futi mfukoni anapima upana wa boneti. Akasema linawezekana, ila bawaba zitahitaji kuhamishwa kwa nusu inchi.

– Asiguse mtu, Mwendopole akasema.

Hakupandisha sauti, ila waliomzoea walijua kwamba hilo si ombi. Futi likarudi mfukoni. Akaendelea kuosha, akasuuza, akakausha kwa taulo bila kusugua, akilikandamiza tu linywe maji. Lilipokauka, gari lilikuwa safi na baya. Uchafu ulikuwa ukificha mengi. Sasa paa lilionekana wazi, limechakaa, lina mabaka meupe, na moyo wa Mwendopole ukashuka. Alijiona jinsi alivyokuwa akijibu kila asubuhi, bila hata kumeza mate. Akafungua kopo la polishi.

Aliomba kitambaa laini, na Mama Pindo, ambaye maneno yake na mikono yake havifanani, akampasulia kipande cha flana alichokuwa amekitunza kwa nguo ya mtoto mchanga. Mwendopole akachukua polishi kidogo, akaanza sehemu ya boneti isiyozidi upana wa sinia. Akasugua kwa nguvu za wastani, huku na huku. Alipogeuza kitambaa kuangalia, kilikuwa chekundu.

Wote wakasimama.

– Acha, acha hapo hapo, Kipara akasema. Unaitoa rangi yenyewe.

Nusu Inchi alikubaliana naye, na hao wawili hawajawahi kukubaliana hata kuhusu siku gani ni Jumatano. Mama Pindo akasema nguo ikichuja namna ile maana yake rangi haikushika tangu kiwandani, na ukiendelea utabaki na bati jeupe. Muuza kahawa naye, ambaye hulipwa kwa kumimina na si kwa kusema, akaona afadhali gari liwe limepauka kuliko kuwa uchi.

Mwendopole alikaa na kitambaa mkononi. Aliogopa, na hakuona haya kuogopa. Muuza spea alimwambia kwamba kwa magari ya zamani kitambaa kitachafuka kwa rangi iliyokufa, asishtuke, ila asikaze mkono pembezoni. Lakini maneno ya dukani ni rahisi. Hapa rangi ya boneti ilikuwa kwenye flana ya mtoto wa watu. Akifuta tone moja zaidi na kumbe wenzake ndio wenye haki, baba yake atakuta gari bovu kuliko lile la jana.

– Nikiacha, nitamwambia nini? akauliza.

– Mwambie jua, Kipara akasema. Jua halina wakili.

– Nimemwambia uongo wa kutosha.

Akachovya tena. Alisugua sehemu ile ile mpaka polishi ikaanza kukauka, kisha akafuta kwa upande safi wa kitambaa. Na pale, katikati ya boneti lililojaa unga, kikatokea kipande chekundu kizito, kinachong'aa, kama kigae kipya kwenye sakafu ya zamani. Mama Pindo aliinama juu yake, akakiona kilemba chake humo. Akakiweka sawa, kisha akarudi benchini bila neno. Kwa Mama Pindo huko kulikuwa ni kukubali kushindwa.

Kuanzia hapo hakuna aliyemzuia tena. Aliendelea kipande kwa kipande, jasho likimtiririka, mkono wa kulia ukichoka anahamia wa kushoto. Abiria wawili walikuja kuulizia usafiri, akawaelekeza kwa wengine. Boneti likaisha. Paa likaisha, akiwa amepanda juu ya stuli ya kinyozi. Lilibaki buti tu. Maji ya kusuuzia vitambaa yalikuwa yamekuwa mekundu, akabeba ndoo kwenda kuchota mengine kwenye bomba nyuma ya duka la Kipara.

Foleni ya bombani ilimchelewesha. Na hapa ni lazima mtu amtetee Nusu Inchi kidogo, maana alichokifanya alikifanya kwa mapenzi. Alimwona mwenzake amechoka. Aliona buti bado, na muda unakimbia. Alikuwa na msasa mfukoni kama kawaida yake, ule wa kulainishia milango, na ndani ya moyo wake hakuwahi kuamini kwamba kuna kitu duniani kinachokataa msasa. Akasugua mara chache tu pembeni ya buti, kwa upole wa fundi, amsogezee kazi.

Mwendopole alirudi akamkuta amesimama, msasa mkononi, uso umesawijika. Kwenye buti palikuwa na baka la kijivu lenye upana wa kiganja. Rangi yote ilikuwa imeondoka, imebaki ile ya chini kabisa inayopakwa kabla ya rangi.

Hakumtukana. Alitaka, tena maneno yalikuwa yameshajipanga mdomoni. Alitua ndoo, akakaa juu ya ukingo wa lami, akashika kichwa. Nusu Inchi akaja akachuchumaa mbele yake.

– Kaka, nisamehe. Mimi nilidhani nakusaidia.

– Najua.

– Nipige hata kofi.

– Kofi litarudisha rangi?

Kijiwe kikafanya kile kinachokiweza. Kipara akasema baka si kubwa: wanaume wenye upara wa katikati huvuta nywele za pembeni wakafunika, na rangi nayo, ukiisugua kuelekea kwenye baka kwa nguvu na uvumilivu, itasogea. Mama Pindo akapendekeza kiraka cha kitambaa cha damu ya mzee, kishonwe kwa mshono wa ndani usioonekana. Alipoulizwa sindano itapitaje kwenye bati, akasema hizo ni kazi za mwanamume. Muuza kahawa akashauri kahawa nzito, ipakwe ikauke. Nusu Inchi, kwa sauti ndogo, akataja vanishi. Mwisho wakafikia wazo ambalo wote waliliona la busara: mzee akifika, wao wanne wakae juu ya buti wakiwa wanazungumza, na wasishuke mpaka atakapoondoka.

Mwendopole akainuka.

– Hakuna atakayekaa juu ya buti, akasema. Na hakuna kufunika kitu.

– Sasa utafanyaje?

– Nitamalizia palipobaki. Halafu nitampeleka mwenyewe, nitamwonyesha baka, nitamwambia na yale ya kila asubuhi. Aniseme anavyotaka. Mimi kuanzia leo simjibu tena linang'aa kama haling'ai.

Akarudi kwenye buti. Alilisugua lote akilizunguka lile baka kwa uangalifu, bila kukaza mkono ukingoni. Kisha akafungua kopo la nta, akaipaka nyembamba gari zima, akaisubiri igeuke ukungu mweupe, akaifuta. Nta ndiyo inayoishikilia rangi isipigwe tena na jua, muuza spea alisema, na irudiwe kila baada ya miezi michache. Mwendopole alikuwa ameshaamua kwamba atairudia maisha yake yote. Wenzake watatu, bila kuombwa, walichukua kila mmoja kipande cha flana na kufuta milango, na hakuna aliyetoa nadharia.

Walikuwa bado wanafuta waliposikia sauti ya shangazi akimwambia mtu aangalie mtaro. Wakageuka. Mzee Kioo alikuwa anakuja kwa miguu yake, amevaa miwani myeusi, shangazi yuko kando yake lakini hajamshika. Alitembea polepole, akisimama kila hatua chache kuangalia kitu: bango la kinyozi, kuku, mashine ya Mama Pindo. Wote wakamwamkia shikamoo kwa pamoja. Akaitikia marahaba, akavua miwani, akawaangalia mmoja mmoja, akihusisha sauti alizozizoea na nyuso.

Mwendopole alishuka kutoka kwenye stuli. Alikuwa ameshaamua, na alijua akinyamaza hata kidogo atashindwa. Akasimama mbele ya gari, mikono imechafuka nyekundu mpaka kwenye viwiko.

– Baba, kabla hujaliangalia. Kuna jambo. Gari hili lilikuwa limepauka. Limepauka miaka mingi, na mimi nilikuwa nakudanganya kila siku. Leo nimejaribu kulirudisha. Kuna baka huku nyuma, njoo nikuonyeshe. Ni kosa langu, sikuliangalia ulivyoniagiza.

Mzee hakwenda nyuma. Boneti lilikuwa linawaka pale mbele yake na paa linaonyesha mawingu, lakini hakuliangalia. Alikuwa anamwangalia mwanawe usoni, tangu amemkaribia, kwa jicho lile moja jekundu lenye machozi ya dawa. Mara ya mwisho kumwona, alimwacha kijana mwenye nywele nyeusi tii na mashavu yaliyojaa. Akainua mkono, akamgusa juu ya sikio, pale panapoanzia nywele.

– Mwanangu, akasema, mvi hizi zimekuota lini?

Mwendopole akamtazama Kipara, ambaye amemnyoa kichwa hicho miaka yote, na Kipara akatazama chini. Mama Pindo aliacha kufuta mlango. Muuza kahawa akainamisha birika kumimina, likatoa matone mawili tu. Mzee bado alikuwa anangoja, mkono wake uko pale pale juu ya sikio la mwanawe, naye Mwendopole akainamisha kichwa, ili baba yake azione vizuri.